Unalipia gari au unalipia beji?

Swali: Fundi wangu anasema kuna magari yanayotoka kiwanda kimoja, yakatofautiana jina na bei tu. Kweli?

Jibu: Kweli kabisa. Kiwanda cha NUMMI kule Fremont, California, kilichoanzishwa 1984 kwa ubia wa Toyota na General Motors, kilikuwa kikitoa Toyota Corolla na Geo Prizm, jina la upande wa General Motors. Magari hayo yalikuwa mapacha, yameundwa na mikono ileile. Hata hivyo Wamarekani walikuwa radhi kuongeza pesa wapate Corolla, na yalipofika sokoni mara ya pili, Prizm ndilo lililoporomoka bei zaidi.

Wapo watakaosema wanunuzi wa Corolla walipumbazwa na jina. Mimi siwacheki. Walililipia jina, kisha wakarudishiwa sehemu ya pesa siku ya kuliuza. Mjanja hasa ni yule aliyenunua Prizm lililokwisha tumika, akaendesha Corolla kwa bei ya chee. Basi jiulize: utaliuza baada ya miaka mitatu, au utakaa nalo mpaka lichoke?

Swali: Mume wangu hasikii la mtu, anataka Volvo, eti ndilo salama. Si matangazo tu hayo?

Jibu: Hapana, sifa hiyo waliitolea jasho. Mkanda wa pointi tatu tunaofunga leo ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Shida ni kwamba sifa hudumu kichwani hata baada ya wengine kufika palepale. Tangu 1997 Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, wamekuwa wakigongesha magari ya kila aina na kuyapa nyota. Tazameni nyota za modeli mnayoitaka, pamoja na mwaka wa jaribio, maana mtihani huo umekuwa ukikazwa: nyota 5 za zamani si sawa na 5 za leo.

Swali: Nilipolijaribu gari barabarani, ngurumo ya injini ilinimaliza. Ninunue?

Jibu: Huenda ulikuwa unasikiliza spika. BMW M5 lililotoka 2011 lilipitisha sauti ya injini kwenye spika za ndani, na si BMW peke yao. Rudi ulijaribu tena kwenye mlima na barabara mbovu.

Swali: Kampuni yenye jina kubwa inaweza kuuza chochote?

Jibu: Aston Martin, watengenezaji wa Uingereza wa magari ya kifahari yenye mbio, walidhani hivyo. Mwaka 2011 walichukua Toyota iQ, kigari kidogo cha mjini, wakakivisha ngozi na grili yao, wakakiita Cygnet na kukiuza karibu mara tatu ya bei ya iQ. Kufikia 2013 wakaacha. Anayetamani Aston Martin anatamani mwendo, na kigari cha kupenyeza kwenye maegesho hakikuwa sehemu ya tamaa hiyo. Kichekesho ni kwamba, kwa kuwa yalitengenezwa machache mno, Cygnet yaliyotumika sasa yana wakusanyaji wanaoyawania.