Nimnyang'anye Binti Yangu Riwaya Inayomliza?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kayole. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Likizo hii aliazima riwaya ya Rosa Mistika kwa binamu yake, akaimaliza upesi, na tangu hapo hana raha. Juzi nimemkuta jikoni akilia. Nilipoipekua nikaona ulevi, mimba, na msichana anayeishia kujitoa uhai. Baba yake anasema tuirudishe na tumkataze riwaya za aina hiyo mpaka amalize shule. Zinawafaa nini watoto?
– Mama wa Kayole

JIBU: Mama mwenzangu, usimnyang'anye. Ila kabla ya mengine yote, leo jioni kaa naye muulize alikuwa akilia nini. Huenda anamlilia Rosa, na huenda anajililia mwenyewe. Usizunguke: muulize kama kuna mtu anayemsumbua shuleni, njiani au hata hapo nyumbani, na kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kulisema. Akikwambia lipo jambo, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Nimefundisha wasichana kwa miaka mingi, na wako waliomsema kwanza mhusika wa riwaya ndipo wakapata ujasiri wa kujisema.

Kama ni Rosa tu anayemliza, basi umelea mtoto mwenye moyo, na hilo si la kutibiwa.

Hofu ya mume wako naielewa, na si yeye wa kwanza. Euphrase Kezilahabi alipoitoa riwaya hiyo mwaka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, na baadaye ikaja kusomeshwa. Walioikataza walilalamikia mambo ya chumbani. Mimi naamini anayechoma zaidi ni Zakaria, babake Rosa. Anamchunga bintiye kwa fimbo na kumpiga kwa sababu ya barua ya mvulana, huku yeye mwenyewe ni mlevi aliyemwachia mkewe mzigo wote wa nyumba. Rosa anafundishwa kuwaogopa wanaume, hafundishwi kuwajua. Akienda chuoni, mbali na ile fimbo, hana cha kumkinga. Mzazi akisoma hivyo lazima ajikague kidogo. Kwa hiyo mwombe baba yake naye aisome. Someni hata kwa sauti, sura moja baada ya chakula, kila mtu aseme alipokwazika. Binti aliyesoma peke yake usiku chini ya blanketi amebeba mzigo ambao watu watatu wangeubeba vizuri zaidi.

Na hapa niseme linaloniuma. Hizi hadithi za huzuni tunazifundisha vibaya. Mwanafunzi hajakutana na mhusika hata mmoja, tayari ana mwongozo wa mtihani alionunuliwa kandokando ya barabara ya Tom Mboya hapa Nairobi, na ndani yake shida za watu zimepangwa kwa nambari: ulevi, ukabila, ufisadi, mimba za mapema. Anajifunza kumhesabia mtu mateso ili apate alama. Nakumbuka tukisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei, pale Ridhaa anapoomboleza jamaa zake walioteketea katika ghasia baada ya uchaguzi. Mvulana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, hapo tuandike ukabila au mgogoro wa ardhi?" Dawati la nyuma yake alikaa msichana ambaye familia yake iliihama Naivasha Januari 2008. Nikawaambia wafunge vitabu. Kukawa kimya, kisha yule msichana akatueleza jinsi nyanyake alivyopanda lori la kuja Nairobi akiwa amekumbatia sufuria ya maharagwe ambayo hayajaiva, akakataa kuimwaga safari nzima. Aliyeuliza swali aliinamisha kichwa. Sidhani kama darasa lile lilihitaji mwongozo baada ya hapo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma Mathare. Kila hadithi ninayosoma kuhusu mtaa wetu ni chang'aa, bunduki na mtoto anayenusa gundi. Sisi pia tuna harusi, chama cha kuchangiana pesa na timu ya mpira. Kwani hawa waandishi wanauza shida zetu?
– Fundi, Mathare

JIBU: Ndugu Fundi, wengine wanaziuza, na una haki ya kukasirika. Utawajua kwa mhusika ambaye hajawahi kununua unga wala kufanya mzaha, hana rafiki, hana kazi anayoijua. Ameletwa kitabuni ateseke tu, kisha afe. Mwandishi wa namna hiyo amepita mtaani kwenu mchana mmoja akiwa ameshika simu mfukoni isiibwe.

Lakini usitake wakufichie. Mwaka 2024 mto ulipofurika na kuingia majumbani huko kwenu, watu walikufa, na baadaye nyumba za kandokando ya mto zikabomolewa kwa amri ya serikali. Mwandishi akiyaruka hayo ili atutajie harusi, atakuwa amewadharau waliofiwa. Ninachotaka kusoma ni yote mawili mahali pamoja: mama aliyepoteza nyumba bado ana deni la sukuma wiki, chama chake bado kinakutana Jumapili, na wenzake wanagombana kama mchango wa mwezi huu uende kwenye zamu yake au ununue mablanketi. Watu wakipewa maisha kamili, huzuni yao hainichoshi. Nikipewa huzuni tupu naufunga ukurasa, nawe pia, wala hatuwi watu wenye roho ngumu kwa kufanya hivyo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeandika riwaya kuhusu msichana wa Githurai anayeacha shule kulea wadogo zake. Mwisho anashindwa. Mhariri anataka nimpe ufadhili wa masomo ng'ambo ili wasomaji wapate matumaini. Nikubali?
– Mwandishi Chipukizi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikubali. Mfadhili akitokea ukurasa wa mwisho bila kutajwa popote kabla, msomaji wa Githurai, ambaye anajua idadi ya barua za kuomba basari zilizokosa majibu, atajua umemdanganya.

Hata hivyo msikilize mhariri wako, maana kuna kilichomchosha. Umenitumia muhtasari wa sura zote, na kuanzia ya tano hadi ya tisa sikuona mtu hata mmoja anayempenda huyu msichana. Hakuna jirani anayemwekea chapati, wala mdogo wake anayemfanyia vituko akacheka. Kumnyima mhusika kila kitu ni rahisi sawa na kumpa ndege ya kwenda ng'ambo. Mpe watu. Kisha chapisha nakala mbili, wape majirani wawili katika ploti yenu wasiosoma riwaya sana, uwaombe wakunje ukurasa pale walipochoka. Anza kuandika upya hapo walipokunja. Sura ya mwisho usiiguse kwanza.