Mfanyakazi mwenye vipaji vingi: nimshike vipi?

SWALI: Nasimamia ofisi ya watu 12. Mhasibu wangu anajua pia kupiga picha, kutengeneza kompyuta na kuandika vizuri. Mwanzoni nilifurahi, lakini sasa hesabu za mwezi zinachelewa kila mara. Wiki ijayo namsaili mwombaji wa aina hiyohiyo: kazi tano zisizofanana ndani ya miaka minane. Wenzangu wananiambia mshika mawili moja humponyoka. Huyu nimfanyeje, na yule nimchukue?

JIBU: Tuanze na huyo uliye naye, maana nashuku kosa si lake peke yake. Chukua karatasi, andika kazi zote alizofanya mwezi uliopita nje ya uhasibu, na mbele ya kila moja andika nani alimtuma. Printa imekwama, aitwe yeye. Mgeni amefika, apige picha. Barua hii aipitie kidogo. Nimewapa mameneja wengi zoezi hili, na jina linalojirudia huwa la meneja mwenyewe. Mtu wa namna hii hugeuzwa spea ya kila gari.

Na dakika kumi za printa si dakika kumi. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihamishwa kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa kama hakuimaliza. Kwa mtu anayejumlisha tarakimu, hapo ndipo makosa yanapoingilia.

Kaa naye, si kwa kumpa onyo. Kubalianeni jukumu moja lenye tarehe, kwa mfano hesabu zifungwe ifikapo tarehe 5, na kabla ya hapo asitumwe na mtu yeyote, wewe ukiwemo. Kisha muulize ni kipi kati ya vipaji vyake angependa kukitumia kazini. Usimchagulie, huenda kompyuta zimemchosha zamani. Hicho kimoja kiandike kwenye orodha ya majukumu yake, na saa zake zijulikane. Kikishakuwa kazi ya kudumu, mshahara nao usogee, la sivyo unatumia watu wawili kwa malipo ya mmoja, na yeye analijua hilo kabla yako.

Usione hizo saa ni hasara. Kampuni ya Marekani iitwayo 3M huwaruhusu watafiti wake kutumia asilimia 15 ya muda wao kwa mawazo yao wenyewe. Mwaka 1968 Spencer Silver alipata gundi isiyoshika sana, ikakosa matumizi. Mwenzake Art Fry alikuwa mwanakwaya, na vikaratasi alivyowekea alama kwenye kitabu cha nyimbo vilikuwa vinadondoka. Mwaka 1974 akaikumbuka ile gundi. Vikaratasi vya kubandika, Post-it, vilienea madukani Marekani mwaka 1980. Sidhani kama kuna msaili angemuuliza Fry habari za kwaya.

Sasa mwombaji wako. Usimuulize kwa nini anahamahama. Jibu la swali hilo amekuja nalo kutoka nyumbani. Chagua kazi moja kati ya hizo tano uichimbe. Akisema alipanga upya stoo, muulize: sehemu iliyochosha ilikuwa ipi, na nani anautumia mpango huo leo? Aliyemaliza atakwambia daftari lilionyesha vitu 340, rafuni vikaonekana 290, wakahesabu Jumamosi tatu mfululizo. Aliyeanza tu atakurudisha kwenye wazo lake, jinsi lilivyokuwa zuri.

Halafu mpe jaribio la saa mbili la kazi yenyewe, na waombaji wote uwaulize maswali yaleyale. Watafiti Frank Schmidt na John Hunter, walipokusanya mwaka 1998 tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, walikuta njia hizo mbili zinabashiri utendaji vizuri zaidi kuliko idadi ya miaka ya uzoefu. Kwa hiyo hiyo miaka minane isikutishe wala isikuvutie.

Ila kama nafasi yenyewe ni ya kuingiza takwimu asubuhi hadi jioni, na huna pa kumpanulia, usimchukue hata ukimpenda. Mwambie hivyo waziwazi siku ya usaili.

Na hiyo printa, tafuta fundi.