Kabla ya mada, kipimo: ushauri kwa anayeanza uzamili wa utafiti wa mifupa na misuli

Wanaojiandaa kusoma uzamili wa utafiti katika sayansi ya mifupa, misuli na viungo huniuliza sana kuhusu mada. Kila mmoja anataka kubwa: osteoporosisi (mifupa kudhoofika) kwa wazee, maumivu ya kiuno, gegedu la goti linalolika. Mimi nilisoma shahada hiyo na tasnifu yangu ilihusu msuli wa mbele wa paja kwa watu ambao magoti yao yamechakaa. Basi huwajibu kwa swali: utapima nini, na utajuaje kwamba kipimo chako kinasema kweli? Mwenye jibu la hilo hahangaiki sana na mada.

Uzamili wa utafiti hauna vipindi vya kukusukuma. Una msimamizi, una meza, na mwisho wa safari una tasnifu ya kutetea. Kwa kawaida ni mwaka mmoja au miwili, na muda huo huonekana mwingi mpaka uanze kuutoa: kusoma machapisho, kuandika pendekezo, kusubiri kibali cha maadili, kutafuta washiriki, kuchambua, kuandika. Kinachobaki kwa kukusanya data ni miezi michache tu, na hapo tishu unayoichunguza nayo ina masharti yake.

Kila tishu ina mwendo wake. Nguvu ya msuli hupanda ndani ya wiki chache za mazoezi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo la mwanzo hutokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuuamrisha msuli, wala si msuli kunenepa. Unene wenyewe huhitaji kama wiki 8 hadi 12 ndipo uonekane vizuri. Kano zinazounganisha msuli na mfupa hudai miezi mitatu au zaidi. Mfupa ndio mkaidi kuliko wote. Seli ziitwazo osteoklasti humega mfupa wa zamani kwa wiki kadhaa, kisha osteoblasti huja kujenga upya kwa miezi, halafu madini yanaendelea kujaa taratibu. Ndiyo maana kipimo cha DXA, kile cha kupima msongamano wa madini ya mfupa, aghalabu hurudiwa baada ya mwaka au zaidi. Mwanafunzi mwenye mwaka mmoja anayependekeza kuonyesha kwamba mazoezi ya wiki 8 yameongeza msongamano wa mfupa wa nyonga amejifunga mwenyewe, hata mazoezi yake yawe mazuri namna gani. Akiuliza kuhusu nguvu ya mshiko wa mkono, kasi ya kutembea au uwezo wa kuinuka kwenye kiti bila kujishika, ana swali linaloisha.

Watu wa maabara nao wasijione wamenusurika. Ukitaka kukata mfupa vipande vyembamba vya kutazama kwa hadubini, sharti kwanza uutoe kalsiamu, na kwa kemikali iitwayo EDTA kazi hiyo huchukua wiki nzima nzima. Asidi kali ni ya haraka, lakini huharibu protini ambazo pengine ndizo ulizokuja kuzitafuta. Mifupa ikiwa kwenye chupa, andika sura ya mbinu. Usikae kuitazama.

Kuhusu msimamizi nitasema kwa ufupi, maana yameshasemwa mengi: zungumza na wanafunzi wake kabla hujajaza fomu. Waulize rasimu hukaa kwake muda gani kabla ya kurudi, na ni wangapi wamemaliza kwa wakati. Msimamizi mwenye jina kubwa asiyepatikana atakuumiza kuliko asiyejulikana anayesoma kila ukurasa. Uliza pia mashine unayoitegemea ni ya nani. Chumba cha kuchunguza mwendo chenye kamera na sakafu za kupima nguvu huwa kinagombewa, na mwanafunzi wa uzamili huwa wa mwisho kwenye foleni.

Sasa turudi kwenye kipimo. Mimi nilipima unene wa msuli wa paja kwa ultrasaundi, kazi inayoonekana nyepesi ukimtazama mzoefu. Unamlaza mtu chali, goti limenyooka, msuli umelegea. Unapima kwa futi ya utepe kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi ukingo wa juu wa pia ya goti, unaweka alama ya kalamu katikati, unamwaga jeli, unaweka kichwa cha mashine. Hapo ndipo mambo huanza. Mkono ukielemea kidogo tu, msuli unabonyea na unene unapungua mbele ya macho yako. Ukikiinamisha kichwa cha mashine, mstari wa mfupa ulioko chini unafifia na mpaka wa msuli unahama. Mtu aliyepanda ngazi sasa hivi hatoi namba sawa na aliyelala kwa dakika 15, kwa sababu mtu akilala majimaji ya mwilini hujipanga upya. Kwa hiyo jeli iwe nyingi, kiasi kwamba uone tabaka lake jeusi kati ya kichwa cha mashine na ngozi kwenye skrini. Tabaka hilo likitoweka, unabonyeza. Wape washiriki wote mapumziko ya urefu uleule. Andika hata upande uliosimama.

Halafu rudia. Chukua watu wachache wasio washiriki wako, wapime, waite siku nyingine uwapime tena bila kutazama namba za mwanzo. Alama ya kalamu iwe imefutika, maana hata kuitafuta upya ni sehemu ya kipimo. Wengi hukokotoa mgawo wa ICC, namba inayoonyesha vipimo vilivyorudiwa vinakubaliana kiasi gani, ambapo 1 ni kukubaliana kabisa; wakiona 0.9 wanafurahi na kusonga mbele. Mimi siuamini peke yake. Ukichanganya vijana wanariadha na wazee dhaifu, ICC itapanda kwa sababu tu watu wenyewe wametofautiana mno. Tafuta pia kosa la kawaida la kipimo, yaani namba zako huyumba kiasi gani ukimpima mtu yuleyule tena, kwa milimita, na uchore ule mchoro ambao Bland na Altman waliueleza mwaka 1986, unaoonyesha tofauti kati ya vipimo viwili dhidi ya wastani wake. Kisha piga hesabu: kosa la kawaida mara 1.96 mara kipeuo cha pili cha 2. Kama kosa lako ni milimita 1, basi badiliko dogo kabisa unaloweza kulitambua kwa mtu mmoja ni kama milimita 2.8. Mshiriki akiongezeka milimita 2 baada ya mazoezi, huna haki ya kusema yeye binafsi amenenepa msuli. Wastani wa kundi ni habari nyingine, kwani makosa ya nasibu hupungua kadiri watu wanavyoongezeka. Kujua hili mapema hubadilisha idadi ya washiriki unaowahitaji, na pengine hubadilisha swali lote.

Kuna mtego mwingine wa fani hii ambao huwakamata hata watu makini. Binadamu ana magoti mawili. Ukipima watu 30 ukapata magoti 60, huna washiriki 60. Magoti ya mtu mmoja yana uzito uleule juu yake, kazi ileile, urithi uleule. Chagua goti moja kwa kanuni uliyoiandika kabla ya kuanza, au tumia uchambuzi unaotambua kwamba magoti yamo ndani ya mtu. Mwone mtakwimu kabla ya kukusanya data. Ukimpelekea jedwali lililokwisha jaa, atakuambia tu limefia wapi.

Na picha usiziabudu. Eksirei za goti hupangwa kwa daraja za Kellgren na Lawrence, 0 (halijachakaa) hadi 4 (limechakaa sana), mfumo wa mwaka 1957 ambao bado unatumika kila siku. Lakini utakutana na mtu wa daraja la 3 anayetembea bila shida, na wa daraja la 1 anayeshuka ngazi kwa kujishikilia. Mgongoni ni vivyo hivyo: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikadiria kwamba dalili za kuchakaa kwa diski huonekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya wa miaka 80, wote wasio na maumivu. Kama pendekezo lako linachukulia kwamba kilichoonekana kwenye picha ndicho kinachouma, lirudie. Pima maumivu yenyewe kwa dodoso lililothibitishwa, na kama dodoso limetafsiriwa hakikisha tafsiri nayo imethibitishwa.

Washiriki watachelewa. Wenye magoti mabaya ndio hao hao ambao safari ya kuja kupimwa huwachosha, kwa hiyo punguza idadi ya mara unazowaita na unganisha vipimo siku moja, vile vya kuchosha viwe mwisho. Kibali cha maadili nacho kiombe mapema huku ukiendelea na majaribio ya kipimo, ila kumbuka kwamba hata hao wachache wa majaribio wanahitaji kibali.

Wakati wa utetezi, mtahini wangu alianza moja kwa moja na kurudiwa kwa kipimo. Nilifungua kiambatisho, nikamwonyesha mchoro na milimita zake, tukapita. Muda uliobaki tulibishana kama msuli mnene ndio msuli wenye nguvu, na wewe jiandae kwa hilo, kwa sababu halina jibu la mkato. Unene hausemi kiasi cha mafuta kilichopenya ndani ya msuli, ingawa weupe wa picha unaweza kudokeza. Wala hausemi msuli unaamrishwa kwa kiwango gani: goti lililojaa maji huzuia msuli wa paja usiitwe wote kazini, hata ukiwa mnene kama wa jirani yake mzima. Ndiyo maana nguvu niliipima kando, kwa dainamomita, kifaa cha kupimia nguvu ya msuli, na kwenye tasnifu kila moja ikapata jedwali lake.