Usaili au posa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Morogoro, nina diploma ya uhasibu. Mwezi uliopita kampuni moja ya Dar iliniita usaili saa tatu asubuhi. Nilipanda SGR jana yake, nauli 13,000 ya kuazima kwa kaka, nikalala kwa mama mdogo Buguruni. Saa mbili na nusu nilikuwa mapokezi. Nikaingia saa nane! Bosi yuko kwenye simu, kikombe cha chai kakiweka juu ya wasifu wangu. Uhasibu hakuuliza hata kidogo. Aliuliza kama nimeolewa, mchumba ana mpango gani, na nikibeba mimba wakati wa kufunga hesabu wao wafanyeje. Nikamwambia hayo ni yangu binafsi. Akacheka, akanirudishia wasifu una duara la chai juu ya jina langu. Juzi wamenitumia ujumbe kwamba sikufaa. Nilijibu vibaya? Nikilalamika sitajiharibia?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na safari. Hukujibu vibaya. Mimi ningejibu kwa ukali zaidi, lakini mimi nimeshastaafu.

Kukuweka kwa muda wa saa tano na nusu bila hata "samahani" ni utovu wa adabu, na kwa hilo sina pa kukupeleka. La mimba ni jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na humo aliyeomba kazi anahesabiwa kama mwajiriwa. Wengi hudhani sheria inaanza siku ya kusaini mkataba.

Nikuambie ukweli: nilipokuwa afisa utumishi, swali hilo hilo niliwauliza mabinti, tena nikijiona mjanja. Hakuna mvulana niliyemuuliza atazaa lini.

Kuulizwa peke yake hakutoshi. Hoja yako ni kwamba ulinyimwa kazi kwa sababu hiyo. Ukionyesha dalili za kuridhisha, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kuwa hakubagua. Ndiyo maana nataka ukae leo uandike kila alichouliza, kwa maneno yake, kabla hujaanza kusahau. Kisha nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hapo hapo Morogoro, uombe fomu namba moja, ile ya kufungulia mgogoro. Kwa mgogoro wa aina hii una siku 60 tangu ulipotokea, na wewe umeshatumia kadhaa kwa kununa.

Kujiharibia? Dar waajiri wanajuana, sitakudanganya. Ila CMA huanza na usuluhishi, mnakaa faragha na msuluhishi, hampandi kizimbani. Uamuzi ni wako, na ukiamua kuacha sitakulaumu.

Huo wasifu wenye duara la chai usiutupe. Uweke pamoja na tiketi na ujumbe waliokutumia. Kwa usaili ujao chapa mwingine.