Wadogo zangu, sosi ya nyanya haiungwi kama mchuzi

Jumapili iliyopita walikuja kwangu vijana wawili, wameanza kazi ya jikoni hapa Valencia, Hispania, hata miezi miwili hawajamaliza, nikawaambia leo pikeni nyie ile sosi ya nyanya, tule na wali na mayai ya kukaanga, arroz a la cubana, mimi nikae tu. Nikakaa. Dakika ya tano nikainuka. Moto uko juu mpaka mwisho, kitunguu kimeshafika rangi ya pilau, mmoja yuko kwenye simu na mwenzake anafungua makabati anatafuta binzari. Binzari jamani! Haya makosa nimeshayafanya yote, tena kwa mpangilio huohuo, ndo maana nikiyaona yananiuma. Nawaandikia hapa kwa sababu kazini feni ya moshi inapiga kelele hamnisikii.

1. Kitunguu. Nyumbani tumefundishwa kuunga, mafuta yapate moto, kitunguu kiingie kilie chwaaa, kigeuke kahawia, nyanya ndani, twende. Kwa mchuzi wa nyama ni sawa kabisa, mama zetu hawakukosea. Ila sofrito, yaani kitunguu na nyanya za kukaangwa polepole ndo msingi wa sosi, ni kitu kingine, hapa chef akisema pochar anataka kitunguu kilainike taratibu kwenye mafuta ya zeituni, moto mdogo, chumvi kidogo mwanzoni ili kitoe maji, dakika 20 mpaka 30, na saumu inafuata baadaye maana inaungua upesi. Kilo 1 ya nyanya, kitunguu kimoja kikubwa, punje 2 za saumu, mafuta vijiko 5 au 6 vya chakula na usiyaonee huruma. Na kwa vile mtaulizwa tu kazini, paella ya Valencia, ule wali wao wa kwenye kikaango kipana, yenyewe haiwekwi kitunguu kabisa, usije ukajichanganya mbele ya wenyeji, wanaumia kweli kweli.

2. Nyanya. Chukua tomate pera, zile nyanya ndefu-ndefu, zilizoiva mpaka zimeanza kulegea, kata nusu, kwaruza kwenye greta upande uliokatwa, ganda litabaki mkononi. Januari nunua kopo la triturado, nyanya zilizosagwa tayari, hakuna aibu yoyote, nyanya za baridi ni maji. Nyanya zenyewe zilikuja huku kutoka Amerika karne ya 16, na napenda sana kwamba moja ya resipi za kwanza kabisa za sosi ya nyanya kuchapishwa, ya Antonio Latini, Napoli, mwaka 1692, mwenyewe aliiita ya mtindo wa Kihispania, na Napoli wakati huo ilikuwa chini ya Hispania. Yake ilikuwa na nyanya za kuchoma, kitunguu, pilipili, mafuta na siki. Basi mjue mnachokishika kina ukoo mrefu.

3. Pimentoni, ule unga mwekundu wa pilipili zilizokaushwa. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, mwezi wa nane, bibi mmoja wa ghorofa ya chini aliniletea nyanya kilo 6 za shamba la mwanae, zimeivia juani, kazibeba mwenyewe kwa ngazi maana lifti ilikuwa mbovu. Akaniambia pika sosi, na mimi uniletee kidogo. Nikakwaruza zote, kitunguu nikakipa nusu saa yake vizuri tu. Nikatia pimentoni vijiko viwili kwenye mafuta ya moto na hapohapo simu ikaita, dada kutoka Tanga. Nikapokea. Hata dakika haikufika, nilimwambia tu ntakupigia, nageuka hivi, nyekundu imeshakuwa rangi ya tofali na ile harufu imeshapanda, chungu, inakaa puani. Nilijua. Nisikilizeni hapa, kosa langu halikuwa kuunguza, kuunguza kila mpishi anaunguza, kosa ni kwamba nilijua na bado nikamwaga kilo 6 zote juu yake, kwa sababu nilikuwa naangalia kile kitunguu na yale mafuta nikasema nitavitupaje. Kitunguu na mafuta, thamani yake labda euro nne! Nikaviokoa hivyo nikaziua nyanya za bibi wa watu. Nikachemsha saa nzima, nikaonja, chungu. Nikatia sukari, ikawa tamu na chungu. Nikatia siki, sitaki hata kukumbuka. Jioni nikajaza vikopo, vitatu nikampelekea bibi, na nikatabasamu.

Baada ya siku nne akarudisha vikopo vimeoshwa vinang'aa. Akauliza kwa upole, pimentoni iliungua? Nikasema hapana. Mtu wa miaka zaidi ya 80, kapanda ngazi, namdanganya mlangoni kwangu kuhusu nyanya zake mwenyewe. Wiki nzima nilikuwa nashuka nikisikiliza kwanza kama yuko koridoni. Mwisho nikaenda kumwambia ukweli, akanishika mkono akaniingiza jikoni kwake, hakusema neno la kunilaumu, akanionyesha: sufuria inatoka kwenye moto KWANZA, pimentoni inaingia, mwiko mizunguko mitatu, nyanya juu yake papo hapo, zile nyanya ziwe zimeshakwaruzwa zinasubiri pembeni. Sekunde kumi hazifiki. Ikiungua, mwaga, osha sufuria, anza na kitunguu kipya.

4. Muda. Bila mfuniko, moto mdogo, dakika 40 mpaka saa, hadi mafuta yajitenge yapande juu, na hili hamhitaji kufundishwa na Mhispania, mmeliona kwenye rosti tangu watoto. Sukari onja kwanza, nyanya nzuri haiitaki.

5. Usipige na blenda kwa spidi kubwa, inaingiza hewa na sosi inageuka rangi ya chungwa, tumia pasapurés, lile chujio la kusaga kwa kuzungusha mkono, au iache na vipande vyake. Yenye kitunguu na saumu iweke friza, usijaribu kuifungia kwenye chupa ukaiacha kabatini.

Wale wawili tuliwamwagia sufuria yao tukaanza upya, tukala saa kumi jioni, na mmoja alifuta sahani kwa mkate mpaka ikawa kama haijatumika. Jumapili hii rudini. Nyanya nanunua mimi, mkate leteni nyie, na simu zote zinabaki sebuleni, yangu ikiwemo.