Valvu ya usalama inafoka sufuria zikifungwa: nikaze springi?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nasimamia boila ya kiwanda cha kusindika nyanya. Boila yetu ni ya bar 10, na kabla ya sufuria zenye kuta mbili kuna valvu ya kupunguza presha hadi bar 3. Tukifunga mvuke wa sufuria saa za chakula, geji inapanda polepole mpaka valvu ya usalama inafoka kwenye bar 3.5. Bosi anataka nikaze springi, au niweke koki chini yake. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Usikaze, na hiyo koki usiiweke kabisa. Valvu ya usalama inafanya kazi yake: kuna mvuke unapenya pasipotakiwa. Soma kibao cha sufuria. Kama kimeandikwa bar 3.5, hapo ndipo mwisho. Mvuke ulio kati ya kuta unausukuma ukuta wa ndani kumwelekea mpishi. Kwenye bar 3, kila mita ya mraba inabeba takriban tani 30; bar 10 zikifika huko, ni tani 100, na mtu amesimama palepale na mwiko mkononi.

Tafuta njia ya mvuke hivi. Sufuria zikiwa zimefungwa, funga pia koki iliyo kabla ya valvu ya kupunguza presha, kisha tazama geji. Ikiendelea kupanda, baipasi, yaani bomba la pembeni linaloizunguka valvu hiyo, inavuja. Ikitulia, valvu ya kupunguza presha yenyewe haifungi vizuri. Zima mvuke pande zote mbili, toa presha, acha ipoe, ndipo uifungue. Mara nyingi utakuta kutu au kipande cha gasketi kimekaa kwenye kiti chake (pale kifuniko cha valvu kinapokaa ikifunga), au kiti kimeliwa na matone ya maji yanayokuja kwa kasi na mvuke. Safisha chujio. Kama hakuna trapu ya kutoa maji kabla ya valvu, weka, maana valvu ikifunga maji hujikusanya nyuma yake.

Kuna jambo hukuuliza, nalo linanitia hofu zaidi: hiyo valvu ya usalama ilichaguliwaje? Wengi hununua kwa kufuata kipenyo cha bomba tu. Inatakiwa iweze kutoa mvuke wote utakaopita siku valvu ya kupunguza presha itakapokwama wazi kabisa. Tafuta namba ya Kv, inayoonyesha valvu hupitisha kiasi gani ikiwa wazi kabisa, kwenye karatasi za valvu ya kupunguza presha. Kwa kuwa presha yenu inashuka kwa zaidi ya nusu, zidisha 12 kwa Kv, kisha kwa presha ya kuingilia ukijumlisha bar 1 ya hewa, yaani 11. Kv ikiwa 6.3, ni kilo 830 hivi kwa saa. Baipasi nayo ikiwa hufunguliwa, ihesabu. Valvu ya usalama isipofikia kiasi hicho, itafoka kwa nguvu zake zote huku geji ikizidi kupanda.

Bomba lake la kutolea lisiwe jembamba kuliko mdomo wake, litoke nje mbali na watu, na chini liwe na tundu la kumwaga maji.