Kwa wanaoanza kupima mkondo wa umeme kupitia tabaka la molekuli

Wengi wanaoingia katika maabara ya elektroniki ya molekuli huja wakiwa wameshazimudu hesabu za kwantumu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilijua kwamba elektroni ina tabia ya wimbi, kwamba wimbi hilo halikatiki ghafla linapofika kwenye kizuizi bali hufifia ndani yake, na kwamba kizuizi kikiwa chembamba sana sehemu ya wimbi hutokea upande wa pili. Jambo hilo tunaliita tuneli, ingawa hakuna shimo lolote linalochimbwa. Nisilolijua ni jinsi wembamba huo unavyoamua thamani ya kila kazi ya mikono utakayoifanya kabla hujawasha mtambo wa kupimia.

Anza na molekuli nyepesi kuelewa, yaani alkanithioli, ambazo ni mnyororo wa kaboni wenye salfa kwenye ncha moja. Ukitumbukiza kipande cha fedha au dhahabu katika ethanoli yenye molekuli hizo, salfa hushika metali na minyororo husimama ikiwa imebanana kama nyasi. (Harufu yake utaizoea upesi, kwa kuwa ni ya jamaa zake inayotiwa kwenye gesi ya kupikia ili mtungi unaovuja ujulikane.) Kila kaboni unayoiongeza hukuza unene wa tabaka kwa takriban nanomita 0.13 tu, lakini mkondo wa umeme hupungua karibu mara 2.7. Ukitoka kwenye mnyororo wa kaboni 10 hadi ule wa kaboni 18, umeongeza nanomita moja na mkondo umeshuka karibu mara 3,000.

Sasa geuza hesabu hiyo uitazame kutoka upande wa kasoro, kwa sababu hapo ndipo wageni wanapopotea. Tuseme tabaka lako ni zuri katika asilimia 99 ya eneo lote, na katika asilimia moja iliyobaki limepungua unene unaolingana na kaboni 6. Sehemu hiyo ndogo hupitisha mkondo mara 400 zaidi kwa kila kipimo cha eneo, kwa hiyo asilimia moja hiyo peke yake hubeba mkondo mara nne ya ule unaopita katika asilimia 99 yote. Mtambo utakuonyesha namba nzuri, isiyotetereka, inayorudiwa kila siku, nayo haitakuwa namba ya molekuli zako.

Hayo yalinipata. Katika miezi yangu ya kwanza nililinganisha minyororo ya kaboni 10 na ile ya kaboni 16 nikitarajia tofauti ya mara 400, lakini tofauti niliyoipata haikufika hata mara 10. Nililaumu molekuli, nikalaumu nyaya, nikaandika upya programu ya kuchakata data, na muda wote huo tatizo lilikuwa fedha yenyewe. Fedha iliyowekwa kwa mvuke huwa na chembechembe nyingi zenye mifereji kati yake, na kwenye mifereji hiyo minyororo haiwezi kusimama kwa mpangilio. Dawa yake ni kuitumia fedha kwa upande wake wa chini: unaiweka kwa mvuke juu ya silikoni laini, unagandisha kioo juu yake kwa gundi, kisha unaibandua, na uso uliokuwa umelalia silikoni ndio unaoutumia. Ibandue pale tu unapokuwa tayari kuitumbukiza, kwa maana uso huo ukiachwa hewani huanza kuchafuka na kupoteza rangi yake.

Elektrodi ya juu, yaani metali inayogusa molekuli kutoka juu huku fedha ikiwa chini, nayo ina mambo yake. Wengi wetu hutumia mchanganyiko wa metali za galiamu na indiamu, ambao ni kimiminika katika joto la kawaida la chumba, na ambao kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha mwaka 2008 kwamba unafaa kwa vipimo hivi. Tone huning'inizwa kwenye sindano, hugusishwa kwenye fedha iliyo wazi, kisha sindano hupandishwa polepole mpaka shingo ya tone inyooke na kukatika, ikaacha ncha iliyochongoka. Ngozi nyembamba ya oksaidi ya galiamu ndiyo inayoishikilia ncha hiyo isirudi kuwa tone la mviringo. Itazame kwa kamera kabla ya kuitumia, na ukiona mikunjo au kijimkia, itupe utengeneze nyingine. Binafsi hutupa nyingi kuliko ninazotumia. Kumbuka pia kwamba ngozi hiyo ina vinundu, kiasi kwamba eneo linalogusa molekuli kwa kweli ni karibu sehemu moja tu ya 10,000 ya lile unaloliona kwenye kamera.

Katika data, usichague. Kwa kuwa unene umo ndani ya kipeo cha hesabu ya mkondo, tofauti ndogo za unene huwa tofauti kubwa za mkondo, na ndiyo maana tunapanga vipimo kwa logi (logarithimu). Ukiwa na vipimo 10, tisa vikisoma 1 na kimoja kikisoma 1,000, wastani wa kawaida utakuambia 101, namba ambayo haifanani na kipimo chochote ulichokipata. Wastani wa logi utakuambia 2. Mipigo ya shoti, yaani pale elektrodi mbili zinapogusana moja kwa moja, nayo iandikwe kwenye daftari pamoja na siku, kipande na ncha iliyotumika, kwa kuwa maabara mbili zinaweza kutoa mkondo uleule huku moja ikiwa imepiga shoti mara moja katika 20 na nyingine mara moja katika mbili.

Kabla ya kudai kwamba ulichokipima ni tuneli, badilisha joto. Watafiti Wang, Lee na Reed walifanya hivyo mwaka 2003 kwa alkanithioli, wakakuta mkondo haubadiliki kwa joto, jinsi inavyotarajiwa kwa tuneli. Ukibadilika, shuku uchafu kwanza, hasa kama minyororo yako ni mifupi. Kwa molekuli ndefu zenye elektroni zinazotembea kwa urahisi, kuanzia kama nanomita 4 hivi, elektroni huacha kuvuka kwa hatua moja na kuanza kurukaruka kutoka kituo hadi kituo, na hapo mkondo hupanda kadiri joto linavyopanda.